Radi ikianza kulia, nani anasimamisha mechi?

Wandugu wa promosheni, na wadogo zetu mungali mnasoma, tuanze na kalenda. Huku kwetu Kivu ya Kusini mvua inaanza Septemba na inaenda mpaka Mei. Kiangazi ni Juni, Julai na Agosti. Mwaka wa masomo nao unafunguliwa Septemba, unafungwa mwanzoni mwa Julai. Maana yake karibu mechi zote za masomo, za darasa kwa darasa na za shule kwa shule, zinachezwa ndani ya miezi ya mvua. Wakati kiwanja kiko kikavu na mbingu iko safi, watoto wako nyumbani. Tena tunaziweka saa ngapi? Saa nane, saa tisa ya mchana, kisha masomo kwisha. Na hiyo njo saa ambayo mawingu yanakomaa.

Tangu nipate lisansi ya agronomia, kila Oktoba simu yangu inalia. Ni mwalimu wa spoti fulani, mara nyingi rafiki wa zamani wa chuo: "Agro, leo itanyesha ao haitanyesha?" Juu nilisoma agronomia, watu wanafikiri niko na mbingu mu mfuko. Nawajibu kwamba swali hilo halitawasaidia sana. Mvua yenyewe inaharibu kiwanja, inachafua jezi, inaleta homa na mguu uliopinduka. Kinachoua mtoto akiwa mu kiwanja ni radi. Kwa hiyo maswali ya kuuliza ni mawili: radi ikianza, tutajua namna gani kwamba iko karibu? Na ni nani mwenye mamlaka ya kusema "tunasimama hapa"?

Kwa nini nasema hivi kwa nguvu? Juu ya mahali tunapoishi. Kuna setelaiti moja iliyoitwa TRMM, ilipita juu ya nchi za joto ikihesabu mimweko ya radi. Wanasayansi walichukua hesabu zake za mwaka 1998 mpaka 2013, wakatoa orodha mwaka 2016. Ya kwanza duniani ni ziwa Maracaibo, kule Venezuela: mimweko karibu 233 kwa kila kilometa mraba kwa mwaka. Ya pili wakaipa jina la Kabare: 205. Ya tatu ni Kampene, mu Maniema, na Sake ya Kivu ya Kaskazini iko ya tano. Hao wataalamu walitumia jina la mji wa jirani, doa lenyewe liko zaidi upande wa milima na msitu, siyo pale katikati ya sentri ya Kabare. Lakini sisi sote wa huku tunaishi pembeni yake.

Sasa fanya hesabu ambayo hata mtoto wa humanité anaweza. Kiwanja cha mpira cha meta 100 kwa 65 ni meta mraba 6.500. Kilometa mraba moja inabeba viwanja kama hivyo karibu 154. Gawanya 205 kwa 154: unapata mmweko mmoja na kidogo kila mwaka juu ya kila kiwanja. Si yote inafika chini, mingi inabaki ndani ya wingu. Tukichukua robo tu kwamba inafika chini, bado ni radi moja ndani ya kiwanja chenyewe kila miaka mitatu. Na haihitaji kuanguka ndani ya mistari ili iue. Hiyo ni kwa doa lenye radi nyingi kabisa. Bukavu ao Uvira hesabu inashuka. Lakini mtu asituambie "radi ni bahati mbaya ya mara moja kwa miaka mia". Hapa kwetu si hivyo.

Sababu ya wingi huo haiko ya ajabu. Hewa yenye maji inatoka bonde la Congo na misitu yake, inakuja inagonga milima ya Mitumba na kupandishwa kwa nguvu. Asubuhi jua linapasha udongo, hewa ya chini inakuwa nyepesi, inapanda. Inapofika juu maji yanaganda. Ndani ya wingu kubwa, ambalo linaweza kupita kilometa 10 kwenda juu, vipande vidogo vya barafu na mvua ya mawe laini vinagongana, kimoja kinabaki na chaji hii, kingine na chaji ile. Vyepesi vinapelekwa juu, vizito vinabaki chini. Wingu linakuwa kama betri kubwa. Yote hayo yanataka masaa ya jua, njo maana juu ya milima radi nyingi zinakuja mchana, kuanzia saa saba hivi mpaka magharibi. Juu ya ziwa saa zinageuka, radi zinapiga sana usiku, na wavuvi wanajua hivyo kuliko sisi wenye diplomi.

Sasa namna radi inavyomfikia mtu. Wengi wanafikiri ni njia moja: inashuka juu ya kichwa, basi. Kumbe kupigwa moja kwa moja ni sehemu ndogo sana ya ajali. Njia ya pili ni kuruka pembeni: radi inapiga mti, wewe uko umejikinga chini ya mti, umeme unaacha shina na kupita kwako. Ya tatu ni kugusa: umeshika nguzo ya goli, ao waya wa uzio, radi inapiga mbali na umeme unakuja kwa chuma. Ya nne, ambayo inaumiza watu wengi kuliko zote, inapita kwa udongo.

Hiyo ya nne sisi wa agro tunaijua kwa ng'ombe. Mfugaji anakuta ng'ombe watano wamelala chini ya mti mmoja, wote wamekufa, hakuna hata alama kwa ngozi. Radi ilipiga mti, ikaingia udongoni, ikatawanyika kama maji uliyomwaga. Karibu na mti nguvu ni kubwa, ukienda mbali inapungua. Ng'ombe amesimama miguu ya mbele iko karibu, ya nyuma iko mbali, kati yake ni meta moja na nusu. Tofauti ya nguvu kati ya mguu na mguu inasukuma umeme upande kwa mguu mmoja na kushuka kwa mwingine, na kwa ng'ombe njia hiyo inapita kwa moyo. Mtu ana miguu miwili tu, iko karibu, kwa hiyo ana bahati kidogo kuliko ng'ombe. Lakini mchezaji anayekimbia anapanua miguu. Na golikipa aliyelala chini ameshika mpira ni kama ng'ombe kabisa.

Nimesimama hapa kwa sababu ya jambo lingine. Oktoba 1998 magazeti ya Kinshasa yaliandika kwamba kule Bena Tshadi, mu Kasai, radi ilipiga mechi, wachezaji 11 wa timu moja wakafa wote, wa timu ya pili wakabaki wazima. Mechi ilikuwa moja kwa moja. Ilikuwa wakati wa vita, habari ilitufikia kwa magazeti, naisema kama ilivyoandikwa. Watu walisema nini? Mnajua. Uchawi, radi ya kutumwa, timu ile ilienda kwa mganga. Mpaka leo ukitaja radi na mpira mbele ya wazee, hadithi hiyo inarudi.

Lakini mwezi uleule, kule Johannesburg, Jomo Cosmos walikuwa wanacheza na Moroka Swallows, mbele ya kamera za televisheni. Radi ikapiga. Wachezaji wa pande zote mbili wakaanguka, wengine wanashika masikio, wengine wanajikunja chini kwa maumivu. Hakuna aliyekufa. Hapo mganga alitumwa na timu gani? Umeme wa udongoni hausomi jezi. Unafuata unyevu wa udongo, mteremko, umbali kutoka mahali radi iliposhuka, na namna watu walivyosimama. Kama wenzake wote wamekusanyika upande mmoja kwa kona, wote wanaanguka, na wa upande wa pili wanabaki wakiangalia. Hiyo haitoshi kueleza kila kitu cha Bena Tshadi, hatukuwepo. Inatosha kwa kutomshika mama fulani mzee wa kijiji na kumuuliza "ulituma radi kwa nini". Na tunajua huku kwetu maswali ya namna hiyo yanaishia wapi.

Turudi kwa kiwanja. Unajuaje iko karibu? Mwanga unafika kwa jicho mara moja, sauti inatembea meta 340 hivi kwa sekunde. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilometa moja. Ukihesabu 30, radi ilianguka kilometa 10 kutoka kwako. Sheria inayotumiwa na watu wa michezo nchi nyingi inasema: ukifika 30 ao chini, mechi inasimama, halafu mnangoja dakika 30 kutoka ngurumo ya mwisho. Ikilia tena dakika ya 29, mnaanza kuhesabu upya kutoka zero. Watu wanacheka hapo. "Kilometa 10? Iyo iko mbali sana, iko kule Walungu!" Lakini radi inaweza kutoka pembeni ya wingu na kuanguka kilometa nyingi mbele ya mvua, mahali jua lingali linawaka. Wingu ambalo limekupigia kilometa 10 sasa hivi, inayofuata inaweza kukupigia wewe.

Kwa huku kwetu mimi naona hata kuhesabu ni kazi ya ziada. Milima inaficha mmweko, mwangwi unachanganya masikio, unahesabu mmweko wa huku na ngurumo ya kule. Naona sheria rahisi inafaa zaidi: ukisikia ngurumo, umeshafikiwa, simamisha. Shida ni kusikia. Mechi ya masomo iko na ngoma, vuvuzela, wasichana wa darasa la sita wanaimba, kocha anapiga kelele. Arbitri anayekimbia katikati ya hayo yote hawezi kusikia ngurumo ya mbali. Lazima kuwe na mtu mmoja amesimama mbali na kelele, upande ambao mawingu yanatokea, kazi yake ni masikio na macho tu. Kama kuna radio ya zamani inayoshika mawimbi ya kati, afungue mahali hakuna kituo: kila radi ya mbali inafanya "krrr" ndani yake kabla hujasikia kitu. Radio ya FM haifanyi hivyo, mjue.

Na simu? Programu ya simu inasema 60 kwa mia kwa Bukavu leo. Hiyo haimaanishi itanyesha kwa 60 kwa mia ya siku, wala kwamba utapata mvua ya nusu. Inamaanisha kwamba siku kumi zinazofanana na hii, sita zilipata mvua mahali fulani pa eneo hilo. Na eneo lenyewe ni mraba wa kilometa nyingi. Ndani yake kuna Bagira, Panzi, ziwa na milima, wakati mvua ya kwetu inaweza kunyesha Kadutu na kuacha Ibanda kavu. Chukua utabiri asubuhi ili upange, na Mettelsat wakitoa tangazo lisikilizeni. Lakini saa tisa ya mchana ni masikio yanayoamua.

Jambo la pili, kusimamisha mapema. Wengi mliona video ya Peru, ya tarehe 3 Novemba 2024, mji wa Chilca. Arbitri alikuwa amekwisha kusimamisha mechi. Wachezaji walikuwa wanatoka polepole, wanatembea kama watu wanaotoka misa. Radi ikashuka kati yao, mmoja akafa, wengine wakaumia. Arbitri yule aliamua vizuri, dakika zilizobaki hazikutosha. Kama kutoka kiwanjani mpaka mahali pa usalama ni dakika 10 kwa watoto 300, ni lazima uamue dakika 10 kabla ya hatari, siyo wakati matone yanaanza.

Mahali pa usalama, hapo njo kiini cha shida kwetu. Vitabu vya wenzetu vinasema: ingieni ndani ya jengo kubwa lenye mabomba ya chuma na waya za umeme, ao ndani ya gari lenye bodi la chuma. Kwa sababu radi ikipiga jengo hilo, inapata njia ya kushuka udongoni bila kupita kwa watu. Masomo yetu mengi yako na nini? Kuta za mbao, mabati juu, udongo chini. Radi ikipiga bati haina njia ya kushuka, inaruka kwa ukuta, kwa mtu aliyeegemea, kwa benchi. Juni 2011 mu Uganda, shule moja ya msingi ya Kiryandongo ilipigwa: wanafunzi 18 na mwalimu wao walikufa, na walikuwa ndani ya darasa. Agosti 2020, Arua, watoto walikuwa wanacheza mpira, mvua ikaja, wakakimbilia kibanda cha nyasi. Radi ikapiga kibanda. Watoto 9 wakafa palepale. Unaona? Walifanya kile ambacho mama yeyote angewaambia: toka mvuani, ingia ndani. Kibanda, payote, hema na mti vinakukinga na maji, havikukingi na radi.

Basi prefe afanye kazi hiyo Septemba, kabla ya mechi ya kwanza. Atembee shuleni na kuchagua jengo lililo afadhali: la matofali, kubwa, lenye waya za umeme ndani ya kuta, na kama liko na paratoneri, aangalie kama ule waya wa shaba unaoshuka ungali pale. Nasema hivyo juu ya sababu moja: shaba inauzwa kwa kilo, na waya unaoshuka mara nyingi unaondoka usiku. Paratoneri bila waya na bila chuma kilichozikwa udongoni ni mkuki tu juu ya nyumba. Magari yaliyoleta timu pia ni mahali pazuri, kama ni basi ao Hiace ya chuma na vioo vimefungwa. Pikipiki hapana, gari la wazi nyuma hapana. Watoto wakiwa ndani ya darasa la kawaida kwa kukosa kitu bora, wakae katikati, wasiegemee ukuta wala nguzo, wakae juu ya mabenchi miguu pamoja, mbali na madirisha ya chuma. Wasirundikane wote chumba kimoja, wagawanywe. Hiyo inapunguza hatari, haiiondoi.

Kuhusu mengine yanayosemwa: nguo nyekundu haiiti radi. Simu ya mkononi haiiti radi. Ile ya waya, ao iliyochomekwa kwa chaji, ni jambo lingine, ichomoe. Kinachoiita ni urefu na upweke: kitu kirefu kilichosimama peke yake mahali wazi. Mu kiwanja kitupu, huyo ni wewe.

Kwa kuwa majengo yetu hayatabadilika mwaka huu, kitu ambacho tunaweza kubadilisha bila franka ni saa. Mechi ya saa mbili mpaka saa tano asubuhi inachezwa kabla jua halijajenga mawingu. Radi za asubuhi zipo, ni chache. Ninajua mtakavyosema: Jumamosi asubuhi watoto wako shambani, wengine wanachota maji, wengine wanauza na mama zao sokoni. Na masomo ya Waadventista hawachezi Jumamosi. Mimi wa mashamba sitabisha, Oktoba ni palizi ya maharagi na mikono ya watoto inahesabiwa. Kuna masomo nayoyajua yaligeuza: siku ya mechi wanaanza na mpira asubuhi, masomo yanafuata mpaka mchana. Walimu wa hesabu hawapendi, wanasema watoto wanarudi wamechoka na wananuka jasho. Ni kweli. Lakini mtoto aliyechoka anaweza kurudia somo la kesho.

Sasa swali la kichwa: nani anaamua? Sheria ya 5 ya mpira inampa arbitri nguvu ya kusimamisha, kuahirisha ao kumaliza mechi. Kwa karatasi iko wazi. Kwa kiwanja, arbitri wa masomo ni nani? Ni mwalimu kijana wa shule inayopokea, prefe wake amekaa pale chini ya mwavuli pamoja na mgeni wa heshima. Wageni walikodi gari kwa pesa za wazazi, na mwenye gari anataka kurudi kabla ya giza. Timu inayoongoza inapiga kelele: "Mwalimu, malizia tu, imebaki dakika kumi!" Timu inayofungwa nayo imeanza kuona radi tangu dakika ya 50, hata ile ambayo haijapiga. Kijana huyo atapuliza filimbi? Mwenye kuamua amezungukwa na watu ambao kila mmoja ana faida yake, na faida ya kichwa cha mtoto haina mtu anayeipigia kelele.

Njo maana mimi sisemi "arbitri awe shujaa". Ushujaa hautoshi. Nasema tuondoe uamuzi kwa kijana huyo kabla ya siku. Kikao cha kupanga mashindano kiandike mambo machache kwa karatasi, maprefe wote watie sahihi: ngurumo moja, mechi inasimama, hakuna majadiliano. Yule mwenye masikio akiinua bendera, arbitri anapuliza. Asiwe kocha wala mwalimu wa shule inayocheza. Halafu, na hili ndilo linalosahauliwa kila mara, waandike matokeo yanakuwaje. Mechi ikisimama na haiwezi kurudi, je, mabao yanabaki? Inarudiwa yote? Inaendelea siku nyingine kutoka dakika ileile? Mnaweza kuchagua lolote. Mimi napenda iendelee kutoka dakika ileile na mabao yaleyale, kwa sababu hapo hakuna timu inayopata faida kwa kuona radi wala kwa kutoiona. Ukiacha swali hilo wazi mpaka siku ya mvua, kila kelele ya mbingu inakuwa ni siasa.

Na kalenda iwe na siku ya akiba. Ukipanga fainali Jumatano na kufunga mashindano Jumatano hiyohiyo, umekwisha kuamua kwamba mtacheza ndani ya radi.

Mvua bila radi ni rahisi: kama mpira haudundi tena na maji yamesimama mbele ya goli, ahirisha. Kama kiwanja kiko juu ya mteremko unaoteleza, ahirisha mapema zaidi. Basi.

Lakini kusimamisha mechi si kurudisha watoto nyumbani. Hapo nimeona watu wakiamua vizuri na kuharibu palepale. Filimbi imelia, prefe anasema "kila mtu aende kwao mbio", watoto 300 wanaingia barabarani ndani ya mvua, wengine watavuka mto ambao asubuhi ulikuwa unafika kwa kifundo cha mguu. Tunakumbuka Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi. Mito ilishuka na mawe na matope kutoka milimani, zaidi ya watu 400 walikufa. Mto wa mlimani unajaa ndani ya dakika, hata kama pale ulipo mvua imekwisha, juu bado inanyesha. Watoto wabaki mahali palipochaguliwa mpaka ngurumo imetulia dakika 30, na wale wa ng'ambo ya mto wangoje maji yashuke, hata kama ni saa moja ya usiku. Simu ya prefe kwa wazazi inatosha kueleza.

Mwisho, kama imepiga. Mtu aliyepigwa na radi habebi umeme ndani yake, mguse mara moja. Watu wanaogopa, wanasimama mbali wakiangalia, na dakika zinaenda. Kama kuna wengi chini, anza na yule anayeonekana amekufa, siyo anayelia. Anayelia anapumua. Radi inasimamisha moyo na pumzi kwa pamoja. Mara nyingi moyo unaanza tena wenyewe lakini pumzi inachelewa, na hapo njo mnaweza kumrudisha. Viganja viwili katikati ya kifua, kusukuma kwa nguvu mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kila baada ya 30 mpulizie pumzi mara 2, na msiache mpaka apumue ao mfike hospitali. Kama radi zingali zinapiga, muhamishe kwanza mahali palipo afadhali.

Ndani ya chama chetu kuna wenzetu waliomaliza medisini. Naomba mmoja wao ajitolee kuonyesha mikono hiyo kwa walimu wa spoti, asubuhi moja ya Septemba, kabla ya mechi ya kwanza. Mimi nitaleta ile karatasi ya sahihi na radio ya mawimbi ya kati.